Ubingwa wa Msimu Mzima, au wa Siku Tatu?

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika sehemu yetu ya Kiswahili nipate kusema neno juu ya jambo linalozungumzwa sana mabwenini tangu muhula huu uanze. Wanafunzi wa zamani walisomao gazeti hili huko waliko huenda hawajapata habari, kwa hiyo nitaanza kwa kuwaeleza wao.

Kombe la mpira wa kikapu la mabweni, lile lenye mkono mmoja (wengi wenu mwalijua, na yuko mmoja wenu ajuaye mkono wa pili ulikwenda wapi), limeshindaniwa siku zote kwa ligi. Mabweni ni sita. Kila bweni hucheza na kila bweni jingine mara mbili, na lenye ushindi mwingi mwisho wa muhula hulichukua. Sasa Kamati ya Michezo imeletewa shauri ya kwamba kuanzia mwaka ujao ligi iondolewe, na badala yake pafanywe mashindano ya mtoano, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ya juma moja tu. Anayeshindwa anatoka. Wenye shauri hilo wanasema ligi ni ndefu mno, na ya kwamba majuma ya mwisho hayana maana kwa mabweni yaliyo chini, maana yanajua kombe si lao. Kamati itapiga kura Jumamosi ya juma lijalo.

Mimi nalipinga shauri hilo. Sababu zangu nitazitoa mbali kidogo, katika vyuo vikuu vya Marekani, kwa kuwa huko wameyajaribu mambo yote mawili, ligi na mtoano, kwa miaka mingi kuliko sisi. Mwalimu mmoja aliyesoma huko ndiye aliyenitia hamu ya mchezo wao, na siku tupewapo ruhusa ya chumba cha kompyuta, wenzangu wakitazama sinema, mimi hutafuta matokeo. Nimechekwa vya kutosha kwa ajili hiyo.

Vyuo vikuu vya huko vichezavyo daraja la kwanza ni zaidi ya 350. Haviwezi kuchezana vyote, basi vimejigawa katika vyama ambavyo wenyewe huviita konferensi. Kila konferensi ni ligi yake. Michezo ya ligi huanza kushika moto baada ya Krismasi, ikaendelea hadi mwanzo wa mwezi wa Machi, na timu yenye ushindi mwingi ndiyo bingwa wa msimu. Hapo ungedhani kazi imekwisha. La! Ligi ikiisha, vyuo vilevile hukusanyika tena mahali pamoja kwa siku chache, vikacheza mtoano. Na ashindaye mtoano huo ndiye anayepewa tiketi ya kwenda mashindano ya taifa, ambayo kuanzia mwaka 2011 yalikuwa ya timu 68. Mabingwa wa ligi kubwa hawana hofu sana, maana iko kamati inayotoa nafasi nyingine kwa timu zilizofanya vizuri. Bingwa wa ligi ndogo ndiye mwenye kutetemeka. Akiteleza jioni moja, miezi miwili ya jasho imekwenda na maji.

Chukua habari ya Murray State, chuo cha jimbo la Kentucky. Mwaka 2015 walicheza michezo 16 ya ligi yao, wakashinda yote 16. Walikuwa wameshinda michezo 25 mfululizo walipoingia katika mchezo wa mwisho wa mtoano, mjini Nashville, kupambana na Belmont. Zikiwa zimebaki sekunde tatu hivi, kijana mmoja wa Belmont akatupa kutoka mbali, ukaingia. Belmont 88, Murray State 87. Belmont wakaenda mashindano ya taifa. Murray State, ambao hakuna timu ya ligi yao iliyowashinda msimu mzima, wakaalikwa katika yale mashindano ya pili yaitwayo NIT. Niambieni, ndugu wasomaji, ni nani aliyekuwa bora katika ligi ile? Mtupo mmoja waweza kutoa mshindi wa jioni moja. Sidhani kama waweza kufuta michezo 16.

Zamani mambo yalikuwa makali zaidi. Hadi mwaka 1974 kila konferensi ilipeleka timu moja tu. Katika konferensi ya pwani ya mashariki iitwayo ACC, tiketi hiyo ilikuwa ya mshindi wa mtoano. Mwaka 1970 South Carolina walishinda michezo yote 14 ya ligi, kisha wakashindwa na NC State katika mchezo wa mwisho wa mtoano, 42 kwa 39, baada ya nyongeza mbili za muda. Wakarudi kwao kukaa. Mwaka uliofuata waliiacha konferensi hiyo. Mwaka 1974 ikawa zamu ya Maryland: walifungwa na NC State hao hao 103 kwa 100 katika muda wa nyongeza, mchezo ambao wazee wa huko bado wanausimulia. NC State wakaendelea hadi kuwa mabingwa wa taifa, wakiwaondoa UCLA waliokuwa wamelishika taji hilo miaka saba mfululizo. Na Maryland, timu ambayo ingeweza kucheza na yeyote nchini, ilibaki nyumbani. Mwaka 1975 sheria ikabadilishwa ili timu ya pili nayo ipate kwenda.

Lakini si hayo niliyotaka kuyasema hasa. Nataka kusema juu ya majuma ya mwisho ya ligi, yale yanayoitwa hapa kwetu majuma yasiyo na maana.

Iko konferensi moja ya vyuo vinane vya kale iitwayo Ivy League: Harvard, Yale, Princeton na wenzao. Kwa miaka mingi hao walikataa kabisa mtoano. Kila chuo kilicheza na kila kingine mara mbili, nyumbani na ugenini, jumla michezo 14, nao walicheza mara nyingi usiku wa Ijumaa na usiku wa Jumamosi, wakisafiri kwa basi usiku kati ya mchezo na mchezo. Bingwa wa ligi ndiye aliyekwenda taifa. Basi. Wakilingana wawili, walicheza mchezo mmoja wa kuamua.

Mwaka 2015 Yale na Harvard walifika juma la mwisho wakiwa sawasawa. Yale hawakuwa wamefika mashindano ya taifa tangu mwaka 1962. Usiku wa Ijumaa, tarehe 6 Machi, Yale wakaingia uwanja wa Harvard wakashinda 62 kwa 52. Sasa ulibaki mchezo mmoja tu, Jumamosi, ugenini kwa Dartmouth, katika milima ya New Hampshire. Wakishinda huo, kiu ya miaka 53 imekwisha. Dartmouth hawakuwa na tumaini lolote la ubingwa. Walikuwa timu ya katikati, na chuo chao hakikuwa kimechukua ubingwa huo kwa zaidi ya nusu karne. Kama wangekuwa wa bweni langu, nadhani nusu yao wangesema wanaumwa tumbo.

Yale walikuwa mbele hata katika dakika ya mwisho. Dartmouth hawakuacha. Wakapunguza, wakapunguza tena, na ikiwa imebaki chini ya sekunde moja, mpira ukatupwa toka pembeni, mtu wa Dartmouth akaupokea chini ya kikapu, akaweka. 59 kwa 58. Na hiyo ilikuwa Jumamosi ile ile ambayo Murray State walilia Nashville.

Harvard nao walikuwa wameshinda mchezo wao, kwa hiyo wakawa sare na Yale, ushindi 11 na kushindwa mara 3 kila mmoja. Juma moja baadaye wakakutana Philadelphia, katika ukumbi wa zamani uitwao Palestra. Harvard wakashinda 53 kwa 51, na mtupo ulioamua, zikiwa zimebaki sekunde chache, ulitupwa na Steve Moundou-Missi, kijana wa Cameroon. (Nimemtaja kwa makusudi. Kuna wadogo wetu wa kidato cha kwanza wanaodhani mchezo huu ni wa Wamarekani peke yao. Na jirani yetu Dikembe Mutombo wa Congo, aliyefariki mwaka 2024, alikwenda Georgetown, chuo cha Mapadre Wajesuiti, akitaka kusomea udaktari. Mwaka 1989 timu yake ilichukua ubingwa wa ligi ya Big East na mtoano wake pia.)

Basi ni nani aliyeamua ubingwa ule wa 2015? Mimi nasema ni Dartmouth. Laiti Dartmouth wangecheza kivivu usiku ule, hakuna ambaye angewalaumu. Jedwali la ligi lingebaki karibu vile vile kwao. Lakini ubingwa ambao Yale wangeupata ungekuwa wa kupewa. Na Yale walipoupata mwaka uliofuata, kwa kushinda michezo 13 kati ya 14, kila mtu alijua ya kwamba wameunyakua mikononi mwa watu saba waliokataa kuutoa. Walipofika mashindano ya taifa mwaka huo 2016 wakawashinda Baylor 79 kwa 75.

Mfano mwingine, kwa ufupi. Tarehe 10 Machi 2013, siku ya mwisho ya ligi ya Big Ten, Indiana walikwenda kwa Michigan. Indiana walikuwa wakiongoza kwa mchezo mmoja. Kama Michigan wangeshinda, timu nne zingekuwa sare kileleni. Michigan walikuwa mbele mwishoni, Indiana wakawapita 72 kwa 71, na katika sekunde za mwisho mpira wa Michigan ukatembea juu ya ukingo wa kikapu, ukazunguka, ukaanguka nje. Upana wa kidole ndio uliotenga bingwa mmoja na mabingwa wanne. Nani atasema siku ya mwisho ya ligi haina utamu? Tofauti ni kwamba utamu huo umepikwa kwa miezi miwili. Kila timu ilifika pale kwa njia iliyoonekana na watu wote.

Sasa nitakiri jambo, ingawa mwenzangu wa kitanda cha juu amenishauri nisiliandike. Miaka miwili iliyopita bweni letu lilikuwa la mwisho katika ligi. Mchezo wetu wa kumalizia ulikuwa na bweni lililokuwa linagombania kombe na jingine, sare kabisa. Siku hiyo sisi tulitoka wachezaji watano tu, bila wa akiba, na wawili kati ya hao hawakuwa wachezaji. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya stoo nikila mahindi ya kuchoma na wenzangu. Nilikuwa nimemwambia kepteni kwamba goti linaniuma. Goti lilikuwa zima. Bweni letu lilifungwa vibaya sana, kombe likaenda kwa wale tuliocheza nao, na wale wengine, ambao siku iliyotangulia walikuwa wameshinda mchezo mgumu kwa jasho, wakawa wa pili. Kepteni wao alinikuta bombani jioni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Goti limepoa?” Amekwisha kuondoka shuleni, naye huenda akayasoma haya.

Kwa hiyo nasikia wanaposema majuma ya mwisho hayana maana, nami najua mimi ni mmoja wa walioyafanya yasiwe na maana. Lakini dawa ya mtu kuacha zamu yake si kuifuta zamu. Mtoano utatuponya vipi? Utawatoa wavivu siku ya kwanza, wakale mahindi Jumamosi na Jumapili kwa ruhusa.

Najua yatakayosemwa upande wa pili, na mengine ni ya kweli. Mtoano huwapa wanyonge tumaini. Mwaka 2024 NC State walimaliza ligi ya ACC katika nafasi ya kumi, wakiwa wamepoteza michezo minne ya mwisho. Kisha wakashinda michezo mitano kwa siku tano, wa mwisho wakiwafunga North Carolina, bingwa wa msimu, 84 kwa 76, na wakaendelea hadi kuwa miongoni mwa timu nne za mwisho katika taifa. Niliisoma habari ile mara tatu, na sina moyo wa jiwe. Lakini angalieni: hata huko, North Carolina hawakunyang'anywa ubingwa wao wa ligi, wala hawakukosa kwenda taifa. NC State walipewa taji la mtoano. La msimu lilibaki kwa mwenyewe. Shauri lililoletwa kwa Kamati yetu halisemi tuongeze mtoano. Linasema tuifute ligi, libaki taji moja tu, la siku tatu.

Tena ligi nazo si malaika. Big Ten ina vyuo 18 tangu mwaka 2024, kutoka Rutgers upande wa Atlantiki hadi UCLA upande wa Pasifiki, na katika msimu wa kwanza wa namna hiyo kila timu ilicheza michezo 20, yaani ilikutana mara mbili na timu tatu tu na mara moja na zile 14. Mmoja hupata ratiba ya mteremko, mwingine ya kilima. Mwaka 2021, wakati wa Korona, ilikuwa mbaya zaidi: Michigan walicheza michezo 17 ya ligi wakashinda 14, Illinois walicheza 20 wakashinda 16. Kwa hesabu ya asilimia ubingwa ukaenda kwa Michigan, ijapokuwa Illinois walikuwa wamewafunga 76 kwa 53 katika uwanja wao wenyewe wa Michigan. Watu wa Illinois walilalamika, na mimi ningelalamika pamoja nao. Lakini sisi hatuna taabu hiyo. Mabweni sita, kila moja na kila jingine mara mbili, michezo kumi. Ratiba yetu ni ya haki kama ile ya Ivy ya zamani, na tunataka kuitupa!

Hao Ivy wenyewe walibadilika mwaka 2017, wakaanza mtoano wa timu nne. Na tazama yaliyotokea mwaka huo huo wa kwanza. Princeton walishinda michezo yote 14 ya ligi. Katika mtoano wakapewa kucheza na Penn, waliokuwa wameshinda 6 na kushindwa 8, tena mchezo ulikuwa katika Palestra, ambao ni uwanja wa Penn. Penn waliwabana hata sekunde za mwisho, wakaenda muda wa nyongeza, ndipo Princeton wakaponyoka 72 kwa 64. Waliponyoka, ndiyo, na kesho yake wakawashinda Yale. Lakini fikirini moyo wa mchezaji wa Princeton katika sekunde zile, aliyeshinda mara 14 bila kushindwa, akiambiwa sasa yote yanategemea mpira mmoja mbele ya watu wa nyumbani kwa mwenzake.

Kwa nini basi wanaupenda mtoano? Sababu moja ni fedha: ukumbi hujaa, na televisheni hulipa. Sisi hatuuzi tiketi, na watazamaji wetu wengi ni wale walioadhibiwa wasitoke nje ya shule.

Bingwa wa Marekani hupandishwa ngazi na mkasi mkononi, akaukata wavu wa kikapu kama ukumbusho. Kwetu nyavu zilikwisha zamani, na bingwa wetu angekata hewa. Hilo nalo Kamati ingeweza kulitazama, badala ya kuitazama ligi.

Naomba hivi kwa Kamati: ligi ibaki. Kama siku tatu za mtoano zinatamaniwa, ziongezwe mwishoni na kikombe chake kidogo, atakayekishinda ashangiliwe. Na kepteni wa bweni atakayeleta timu pungufu katika majuma mawili ya mwisho, bweni lake likatwe ushindi mmoja mwanzoni mwa mwaka ujao. Najua sheria hiyo ingeniuma mimi wa kwanza kama ingalikuwapo.

Alhamisi hii bweni letu, ambalo sasa ni la tano kati ya sita, litacheza na wanaoongoza. Walio wa pili wamepungukiwa mchezo mmoja tu, na wametuma mtu kutuuliza kama tutafika. Tutafika, wachezaji kumi, saa kumi na nusu, mvua isiponyesha. Goti langu ni zima.